TB ya tumbo au saratani? Linganisha kabla hujakubali kisu au dripu

Mama mdogo alitoka kwa daktari ameshika karatasi ya maabara ambayo ndani yake alielewa mstari mmoja tu: CA-125, 612, na mshale unaotazama juu. Tumbo lilikuwa limejaa hata khanga haikazi, mabega yamebaki mifupa. Altrasaundi ilikuwa imeandika maji mengi tumboni na uvimbe upande wa ovari ya kulia. Akaambiwa inaelekea ni saratani ya ovari na imekwisha kusambaa, ajiandae kwa upasuaji mkubwa, kisha dripu za kemo. Nyumbani tukaanza kuhesabu ng'ombe wa kuuza. Neno TB halikutajwa na yeyote, si sisi wala wao, kwa kuwa hakuwa anakohoa.

Ilikuwa TB. Kifua kikuu kilichokaa kwenye utando wa tumbo, ugonjwa ambao kwa wengi hupona kwa vidonge vya miezi sita. Ilituchukua wiki tano kufika hapo, na aliyetufikisha ni daktari kijana wa zamu aliyeuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiuliza: "Mama, haya maji yameshapimwa?"

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya yeyote anayekaa sasa hivi kwenye benchi la hospitali na karatasi kama ile. Hautachukua nafasi ya daktari wako. Utakusaidia kujua kipi cha kumwomba, na kipi cha kuacha kulipia mara ya pili.

Kwa nini yanafanana hivi

Ndani ya tumbo kuna utando mwembamba unaofunika matumbo, ini, mji wa mimba na kuta za tumbo zenyewe. Ukishambuliwa na bakteria wa TB, hutoa maji. Ukishambuliwa na seli za saratani, hutoa maji vilevile. Bakteria hufika huko kwa njia kadhaa: kwa damu kutoka mapafuni, pengine baada ya kulala kimya miaka mingi, kwa kumeza makohozi, kutoka kwenye mirija ya uzazi iliyokwisha kuambukizwa, na kwa maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye TB. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na TB ya tumbo huku mapafu yakiwa safi na makohozi hayana kitu. Picha ya kifua isiyo na doa haimwondoi mgonjwa kwenye orodha ya TB, na wengi wa wagonjwa hawa hawakohoi kabisa.

Sasa ile namba iliyotutisha. CA-125 ni protini inayotolewa na utando huohuo, na pia na viungo vya uzazi. Kikomo cha kawaida ni 35. Saratani ya ovari huipandisha, kweli, lakini TB ya utando wa tumbo huipandisha pia hadi mamia, na mara nyingine kupita 1,000. Mimba huipandisha, ini lililosinyaa huipandisha, moyo ulioshindwa kazi huipandisha. Kwa mtu mwenye maji tumboni, CA-125 kubwa inasema jambo moja tu: utando umechokozwa. Nani aliyeuchokoza, haisemi. Laiti tungelijua hilo, tusingelilipia kipimo hicho mara tatu katika maabara tatu, kila mara tukitumaini namba itashuka.

Kuna sababu nyingine inayohusu milango kuliko miili. Mgonjwa aliyeingilia mlango wa magonjwa ya wanawake hupimwa ya huko, aliyeingilia kliniki ya TB hupimwa ya huko. Huwa nalifikiria hili kila nikipita pwani ya Dar es Salaam. Robert Koch, aliyetangaza bakteria wa TB mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Hospitali ambayo Wajerumani waliijenga pale ufukweni katika miaka hiyo, leo ndiyo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Magonjwa haya mawili ni majirani wa zamani, ila foleni zao bado ziko mbalimbali.

Dalili: zinaelekeza, hazihukumu

Homa za jioni na jasho la usiku linalolowesha shuka huvuta upande wa TB. Saratani ya ovari kwa kawaida haiji na homa. Huja na kushiba haraka, kukojoa mara kwa mara, tumbo kujaa taratibu, nguo kubana kiunoni. Kukonda ni kwa zote mbili, na maumivu pia. Hedhi kukatika kwa mwanamke kijana hukumbusha TB ya viungo vya uzazi, na pengine alikuwa amehangaika kupata mtoto kabla ya tumbo kujaa. Umri nao una neno lake: TB ya tumbo hupenda vijana na watu wa makamo, saratani ya ovari hupata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Mwenye VVU, mwenye kisukari, aliyewahi kulala chumba kimoja na mgonjwa wa TB, hao wote TB isisahaulike kwao.

Lakini nimekwisha kukutana na mama wa miaka sabini mwenye TB ya tumbo, na msichana mwenye saratani. Dalili zitumie kuamua kipimo gani kitangulie. Zisitumike kuamua tiba.

Picha: altrasaundi na CT skani

Altrasaundi ni rahisi na ipo karibu kila mahali. Huona maji, huona uvimbe, humwongoza daktari mahali pa kuchoma sindano. Kazi yake inaishia hapo. Nyuzinyuzi na vyumba vidogovidogo ndani ya maji huonekana zaidi kwenye TB, na matumbo yaliyogandamana kwa TB yanaweza kuandikwa "uvimbe wa ovari", kama ilivyotukuta sisi.

CT skani huona zaidi. Utando ulionenepa kwa ulaini na usawa, na tezi zilizovimba ambazo katikati ni nyeusi na pembeni zinang'aa, huelekea TB. Utando wenye vinundu visivyo sawa, shahamu ya tumbo iliyogeuka bonge gumu kama andazi, na ovari yenye uvimbe wa wazi, huelekea saratani. Msomaji mzoefu wa picha hupata mwelekeo mzuri. Hata hivyo neno atakaloandika chini ni "inaelekea", na ana haki ya kuandika hivyo, kwa sababu picha inaonyesha umbo tu. Familia nyingi humaliza fedha hapa. Ikiwa mfuko unatosha jambo moja, mimi ningeacha CT ya pili na kuweka hela kwenye kupima maji na kinyama, yaani kipande cha utando kinachokatwa kupimwa.

Maji ya tumbo: kipimo kinachorukwa

Kutoa maji tumboni kwa uchunguzi ni sindano, ganzi kidogo na dakika chache kitandani. Mama mdogo alikuwa amekwisha kutolewa maji mara mbili kabla ya yule daktari kijana, lita kwa lita, ili apumue. Yote yakamwagwa. Hilo bado linaniuma.

Yakichukuliwa kwa ajili ya kupimwa, haya ndiyo ya kuomba. Kwanza idadi ya seli na aina yake: TB hujaza maji hayo limfosaiti, aina ya seli nyeupe za kinga. Pili protini na albumini, pamoja na albumini ya damu iliyochukuliwa siku hiyohiyo. Daktari hutoa ya maji kutoka ya damu. Tofauti ikiwa gramu 1.1 kwa desilita au zaidi, tatizo kwa kawaida ni shinikizo katika mshipa wa ini: ini lililosinyaa, moyo, au kichocho cha tumbo, ambacho sisi wa Kanda ya Ziwa hatuwezi kukisahau. Ikiwa chini ya hapo, mara nyingi utando wenyewe unaumwa, na hapo ndipo TB na saratani zinapobaki washindani wakuu uwanjani. Hesabu hii haizitenganishi hizo mbili. Inawaondoa wengine tu, lakini ni kazi kubwa kwa gharama ndogo.

Kinachoanza kuzitenganisha ni ADA, kimeng'enya kinachopanda pale limfosaiti zinapopambana na TB. Maabara nyingi huweka mpaka kwenye 36 hadi 40. Ikiwa juu ya hapo, TB ina nguvu. Ikiwa chini sana, TB inakuwa mbali. Ina mianya miwili: saratani ya limfoma inaweza kuipandisha, na mgonjwa wa ini ambaye maji yake yana protini kidogo anaweza kuwa na TB huku ADA ikibaki chini. Haipatikani katika kila hospitali ya wilaya, lakini sampuli inaweza kusafirishwa. Uliza.

GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa TB, hujibu ndani ya saa mbili ikiwa imewashwa, na huonyesha pia kama bakteria amekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Ikisema ipo, iamini. Ikisema haipo, usifunge jalada, maana bakteria ndani ya maji ya tumbo huwa wachache mno na mashine hukosa wagonjwa wengi. Kutafuta kwa darubini ndiko dhaifu kabisa, hakufikii hata mgonjwa mmoja kati ya kumi. Kuotesha bakteria ni kwa uhakika zaidi ila huchukua hadi wiki sita au nane. Naona watu wengi wakiambiwa "TB hakuna" kwa sababu ya GeneXpert moja ya maji. Jibu sahihi hapo ni "haijaonekana".

Kwa upande wa saratani, maji hayohayo hupelekwa kwa mwanapatholojia, daktari anayesoma seli kwa darubini, atafute seli za saratani. Apewe maji ya kutosha, angalau mililita 50, na mapema, yasikae juani kwenye dirisha la mapokezi. Utando ukiwa umetapakaa saratani, seli huonekana mara nyingi, hasa sampuli zikirudiwa.

Kinyama: hapa ndipo ubishi unapokwisha

Kipande cha nyama kutoka kwenye utando, kikisomwa chini ya darubini, ndicho kinachosema jina la ugonjwa. Kuna njia mbili za kukipata bila kupasua tumbo zima. Ya kwanza ni sindano nene inayoongozwa na altrasaundi hadi kwenye shahamu iliyonenepa. Wanaoifanya si wengi, lakini haihitaji usingizi. Ya pili ni laparoskopia, darubini inayoingizwa kwa tundu dogo karibu na kitovu. Daktari wa upasuaji huona mwenyewe: kwenye TB utando umejaa vipunje vyeupe vilivyo karibu sawa kwa ukubwa, mithili ya mtama uliomwagika, na nyuzi zinazoshika matumbo. Saratani nayo inaweza kumwaga vipunje, kwa hiyo hata aliyeona kwa macho anapaswa kukata kipande.

Mwanapatholojia akikuta granuloma, yaani vinundu vidogo vya seli za kinga, zenye kitovu kilichooza na kuganda kama mtindi uliokamuliwa, hiyo karibu kila mara ni TB katika mazingira yetu. Akikuta seli za saratani, mara nyingi mtaambiwa pia ilianzia wapi, na hilo hubadili tiba yote.

Sasa sikiliza jambo ambalo laiti ningeandikiwa kiganjani. Omba vyombo viwili. Kimoja kiwe na formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, cha kwenda patholojia. Kingine kiwe na maji safi ya chumvi yale ya hospitalini, bila formalini, cha kwenda maabara ya TB kwa GeneXpert na kuotesha. Formalini huua bakteria, na kinyama kilichozama humo hakiwezi tena kuoteshwa. Cha mama mdogo chote kilitiwa formalini. Tulibahatika granuloma zikaonekana wazi, lakini hatukupata kujua mapema kama bakteria wake alikuwa sugu, tukabaki kusubiri kwa wasiwasi kama vidonge vitafanya kazi. Na kwa kuwa mara nyingi ndugu ndiye anayetumwa kupeleka chombo maabara, hakikisha jina, tarehe na mahali kilipotolewa vimeandikwa kabla hujatoka mlangoni.

Uvimbe ukiwa upande wa kulia chini, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana, mashindano ni kati ya TB ya utumbo na saratani ya utumbo mpana. Hapo kipimo ni kolonoskopia, kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, na vinyama vichukuliwe kadhaa, si kimoja.

Njia tatu mezani

Kuingia moja kwa moja kwenye upasuaji mkubwa au kemo bila kinyama ndiyo njia ninayoipinga. Iwapo ni TB, mwanamke ataondolewa ovari na mji wa mimba kwa ugonjwa wa vidonge, na kemo itaangusha kinga yake wakati bakteria wanasubiri nafasi hiyohiyo. Dharura ni jambo jingine: utumbo ukiziba au kutoboka, mgonjwa apasuliwe leo. Lakini hata hapo daktari aombwe achukue kinyama, na afanye kinachookoa maisha kwanza. Yale ya kuondoa viungo yasubiri jibu, isipokuwa kama hospitali ina mwanapatholojia anayeweza kukisoma mgonjwa akiwa bado mezani.

Kuanza dawa za TB kwa kujaribu kunaeleweka pale ambapo kinyama hakipatikani, mgonjwa anazidi kuisha, na mambo mengine yameegemea TB: kijana, ana homa, limfosaiti nyingi, ADA juu. Dawa ni za bure katika vituo vya umma vya Tanzania na Kenya. Lakini jaribio bila tarehe ya mwisho ni mtego. Homa na hamu ya kula huanza kubadilika ndani ya wiki chache, maji hupungua kwa wiki hadi miezi miwili. Andikeni uzito na mzunguko wa tumbo siku ya kwanza, mpime kila wiki. Miezi miwili ikipita bila mabadiliko, au hali ikiharibika kabla, turudi kwenye kinyama: ama ni TB sugu, ama ni saratani ambayo imepewa miezi miwili ya kutembea. Kosa hili la upande wa pili lipo na linaua, hasa kwa wenye limfoma ambayo huja na homa, jasho na kukonda kama TB yenyewe.

Kwa mtoto sitaki hata kusikia neno kujaribu. Limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa mwaka 1958 na daktari Denis Burkitt aliyekuwa Mulago, Kampala, huvimbisha taya na tumbo la mtoto na ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote; uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku chache. Mtoto mwenye tumbo linalokua kwa siku apelekwe kwenye kinyama wiki hiyohiyo. Uzuri ni kwamba Burkitt nayo hutibika ikiwahiwa.

Njia ya tatu, kusubiri kinyama huku mgonjwa akitolewa maji na kulishwa vizuri, ndiyo ninayoichagua kila inapowezekana. Wiki mbili za kusubiri jibu huonekana ndefu. Tuliolala na mgonjwa tunajua. Lakini kwa mtu mzima asiye na dharura, wiki mbili hazibadilishi mengi, na tiba isiyo sahihi hubadilisha yote.

Ukishaanza vidonge

Dozi ya kawaida ni dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Utaratibu huu wa kumfuatilia mgonjwa hadi kidonge cha mwisho una mizizi hapa kwetu: mpango wa taifa wa Tanzania ulioanza mwaka 1977 pamoja na daktari Karel Styblo ndio ulioigwa baadaye na nchi nyingi. Mkojo na machozi kuwa rangi ya chungwa ni rifampisini, msiogope. Macho kuwa ya njano, kutapika kusikoisha au kuona ukungu, rudini kliniki siku hiyohiyo.

Mwezi wa pili mama mdogo alivimba tezi shingoni na tumbo likarudi kujaa kidogo. Tulidhani tumepotea, kwamba ilikuwa saratani tangu mwanzo. Daktari wa kliniki ya TB akatueleza kwamba kinga inayoamka yaweza kuvimbisha mahali ilipokuwa imelala, ila hakuishia kwenye maelezo. Alitoa kinyama kwenye ile tezi siku hiyohiyo, kwa vyombo viwili, akarudia na CA-125. Namba ilikuwa 140, imeshuka kutoka 612. Hapo ndipo kipimo kile kilipopata kazi yake: kushuka pamoja na tiba. Kama kingepanda wakati dawa zinamezwa vizuri, tungeanza upya, kwa sababu kuwa na TB hakumzuii mtu kuwa na saratani pia. Tezi ilikuja na granuloma tu. Mwezi wa sita wa dawa, CA-125 ilikuwa 17.